Barua ya Kwanza

Mwezi uliopita tulimzika Rispa Naliaka kule Ndalu, na aliyeongoza shughuli akanipa dakika mbili nimzungumzie. Nilishika kipaza sauti, nikatazama mahema, wajukuu waliovaa fulana zenye picha yake, na mheshimiwa mmoja aliyekuwa akiangalia saa, nikasema kwamba marehemu alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Tuwan, Kitale, na kwamba alinilisha mboga ya mrenda karibu mwaka mzima. Basi. Watu wakacheka kwa upole, nami nikarudi kuketi. Baadaye, kwenye foleni ya chakula, mjukuu wake mmoja aliye chuo kikuu alinisogelea, akaniita bibi kwa lugha ya nyumbani, akaniuliza, "Kukhu, ni ukweli kukhu wetu aliwahi kufungwa?" Nikamwambia ni kweli. "Alifanya nini?" Nikasema aliandika barua. Msichana akasubiri niendelee, kama mtu anayengoja hadithi yenyewe ianze, kwa maana vijana wa leo huandika kwenye simu zao mambo makali kuliko ya barua yoyote kabla hata ya kunywa chai. "Barua tu?" akauliza. Foleni ikasukuma, mtu akaniwekea wali kwenye sahani, na sikumjibu. Namjibu sasa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka kumaliza masomo ya kupiga chapa, na nilikuwa nimepata kazi katika duka la Madam Truphena mjini Kitale. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye taipureta tatu, na nyuma yake kijichumba cha kuwekea karatasi. Nilipanga chumba Tuwan, kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyotazamana, choo kimoja, bomba moja lililotoa maji lilipotaka. Kati ya chumba changu na cha Rispa palikuwa na ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti pande zote mbili. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye miwani mikubwa ya fremu ya kahawia. Aliuza maharagwe kwenye kisoko kimoja ng'ambo ya mji mdogo wa Kwanza siku za soko, na siku nyingine aliwaandikia watu barua: barua za kuomba karo ipunguzwe, za kumtafuta mume aliyepotelea Mombasa, za kuuliza kwa nini kesi imelala. Chumba chake kilinuka maharagwe mabichi na wino. Palikuwa na kitanda, meza, magunia mawili tuliyoyafanya viti, na kalenda ya kanisa. Mara ya kwanza aliponiita kula alinisikia nikikwaruza sufuria tupu, akagonga ukuta. "Nafula, wewe hujala," alisema. Hakuwa akiuliza. Ugali wa wimbi ulikuwa mezani tayari, na mrenda unavutika kutoka kwenye bakuli hadi mdomoni. Tangu siku hiyo sikupika tena chakula cha jioni peke yangu.

Nilichokijua juu ya mambo ya kisoko kile nilikisikia kupitia ukuta ule. Jumapili alasiri, baada ya kanisa, wanawake walikuwa wakija chumbani kwa Rispa wawili wawili, nami nikiwa upande wangu nikipiga pasi sketi ya kazini. Nilijifunza kutambua sauti zao kabla ya nyuso. Kiwanja walichouzia bidhaa tangu zamani kilikuwa kimezungushiwa ua wa waya na mtu mkubwa ambaye jina lake walilitamka kwa kunong'ona. Walipoketi chini siku ya soko na kukataa kutoka, walipigwa na askari, na kumi na mmoja kati yao wakafungiwa siku tatu. Mmoja, Chemtai, msichana wa upande wa mlimani, alikuwa na mtoto wa miezi minne, na walimnyima maji mpaka maziwa yakakauka. Nakumbuka nilisimama na pasi hewani. Chemtai hakuwa akilia alipoeleza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mahindi, "Mtoto alinyonya, akaangalia mimi, akanyonya tena, akaangalia mimi." Kisha Rispa akauliza, "Ilikuwa saa ngapi? Askari alivaa kofia gani?" Nilimwona mkatili. Leo naelewa kwamba alikuwa akifanya jambo la huruma zaidi kuliko kulia pamoja naye: alikuwa akihakikisha hakuna atakayesema baadaye kwamba halikutokea.

Rispa aliponiomba nimpigie chapa barua ya mambo hayo, hakunibembeleza. Alisukuma bakuli kando akaniwekea kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono. "Soma kwanza. Ukiogopa, sema. Nitatafuta njia ingine." Nikasoma. Ilianza hivi: *Sisi wauzaji wa soko hili tunaandika kwa heshima.* Kisha yalifuata majina kumi na moja, na chini ya kila jina kilichompata, bila neno la matusi wala la kutia chumvi. Mwisho ilisema: *Tunaomba kiwanja kifunguliwe, na tunaomba waliotupiga waulizwe.* Niliona ni barua ya adabu sana. Sikuona cha kuogopa, nami nilikuwa na umri wa kutaka kuonekana siogopi. Niliipiga chapa saa za mchana, Madam Truphena akiwa ameenda kula, karatasi sita kwa mara moja na kaboni katikati, nikigonga vibonye kwa nguvu ili ile ya sita isomeke. Nilifanya hivyo mara nne. Kufikia mara ya nne sikuwa nikitazama tena kurasa za Rispa. Alipeleka nakala kwa mkuu wa wilaya, kwa askofu, kwa gazeti, na kwa kila ofisi aliyoijua. Moja nilibaki nayo, kwa majivuno, chini ya godoro.

Siku ya soko Rispa alisimama juu ya kreti akaisoma. Sikuwako. Niliambiwa kwamba watu waliacha kununua wakasikiliza, na kwamba alikuwa amefika kwenye jina la saba gari la polisi lilipoingia katikati ya nyanya. Hakukimbia. Alikunja barua, akamkabidhi mwenzake mizani ya maharagwe, akapanda gari. Habari zilinifikia Tuwan kabla ya giza, na jambo la kwanza nililolifanya, naandika hili kwa aibu ambayo haijaisha, ni kutoa nakala yangu chini ya godoro na kuichoma kwenye jiko, chini ya sufuria ya chai. Na chai yenyewe niliinywa.

Siku tatu baadaye wanaume wawili waliovaa makoti walifika dukani. Nilikuwa kwenye kijichumba cha nyuma nikipanga karatasi, na nilisikia kila neno. Walimuuliza Madam Truphena ni nani aliyepiga chapa barua ya uchochezi ya Kwanza. Nilimjua Madam kama mtu wa kunifokea nikichelewa dakika tano. Nilisikia kiti chake kikilia alipoinuka. "Hizi mashine mbili ndizo zinafanya kazi," alisema, "na mimi mwenyewe ndiye nazitumia. Ile ya tatu imeharibika tangu Krismasi. Ijaribuni." Ya tatu ndiyo iliyokuwa yangu, na haikuwa na kasoro yoyote. Nilisikia mmoja wao akigonga kibonye. Kikakwama. Mpaka leo sijui kwa nini kilikwama. Walipoondoka alikuja mlangoni pa kijichumba akaniona nimeketi sakafuni. "Usiniambie kitu," alisema. "Sitaki kujua. Na ukimaliza kutetemeka, kuna hati ya shamba inangojwa."

Kwa juma moja hatukujua Rispa yuko wapi. Tulienda vituoni tukaambiwa hayuko. Kisha jioni moja mwanamke mnene aliyevaa kandambili zisizofanana aliingia kwenye ploti akiuliza chumba cha Nafula. Alikuwa Consolata, muuza pombe haramu ya chang'aa, aliyekuwa ametoka korokoroni siku hiyo. Alikataa kuketi. "Mimi na yule mama tumelala simiti moja," akasema. "Wamemsimamisha kwa maji siku mbili, yanafika hapa," akaonyesha magoti. "Wamemvunjia miwani, mmoja alikanyaga kwa kiatu. Wanauliza swali moja tu, bana. Nani alipiga chapa. Yeye ananyamaza. Wanampiga kofi, ananyamaza. Jana usiku wamemhamisha, sijui wapi." Nikamuuliza kama kuna ujumbe. Consolata akafikiri, akitaka kuusema sawasawa. "Amesema usije. Amesema uende kazi kila siku kama kawaida. Na amesema ule."

Sikula siku hiyo wala iliyofuata. Najua vijana hufikiri kwamba ujasiri ni kitu unachoamka nacho, na ningependa kumwambia yule mjukuu kwamba nilikwenda kazini kama nilivyoagizwa, nikachapa hati za mashamba na matangazo ya harusi, na kila kiatu kilichopita mlangoni kilinifanya nikose herufi. Nilifunga mizigo mara mbili niende nyumbani. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya, na niliona kwamba nikiondoka mimi pia, hakutakuwa na mtu wa kusema kwamba chumba kile kina mwenyewe. Nikafagia mlangoni pake kila asubuhi. Ndilo jambo pekee nililoliweza.

Aliyempata Rispa ni wakili kijana aitwaye Simiyu, ambaye alikuwa hajafikisha mwaka mmoja katika kazi. Alikuwa amezunguka kituo hadi kituo, jela hadi jela, mpaka akaonyeshwa jina la Rispa kwenye kitabu cha jela moja upande wa Bungoma. Alikuja Tuwan viatu vimejaa matope, akaketi chumbani kwa Rispa juu ya gunia la maharagwe, akatoa karatasi. "Hii ndiyo barua polisi wanapeleka kortini," akasema. "Isome." Niliisoma, na katikati ya jina la mwisho na maneno *Tunaomba* nikakuta sentensi nisiyoijua: *Ua huo tutaung'oa kwa panga na moto.* Nikasema haikuwamo. "Najua," akasema wakili. "Yeye amesema hivyo. Lakini yeye ni mshtakiwa. Kurasa zake za mkono polisi walizichukua, na zile nakala alizozipeleka maofisini, kila mahali naambiwa hazikufika." Akanitazama. "Kuna mtu anaweza kusema aliichapa, na kwamba sentensi hii haikuwa hapo?" Nikamrudishia karatasi. Akainuka, akapangusa suruali. "Sikulazimishi, dada. Ukisema ulichapa, utakuwa umejitaja. Fikiria."

Nilitaka Rispa mwenyewe aniambie la kufanya. Nilichukua ruhusa ya siku moja nikaenda Bungoma na kikapu: ugali wa wimbi, kuku wa kukaushwa, na mrenda niliousumbukia mwenyewe. Langoni askari jela wa kike, mfupi, mwenye lafudhi ya nyumbani kabisa, alikifungua kikapu akakisukuma kando. "Hapa si hoteri, dada. Weka chakura pare. Dakika kumi." Nikaingizwa kwenye chumba chenye waya katikati. Rispa aliletwa akishikilia ukuta, na kwa muda hakunitambua. Alikuwa akikodoa macho kutafuta sura yangu. Mguu mmoja ulikuwa umevimba. Niliposema "Ni mimi, Nafula," uso wake ulifunguka kwa furaha, kisha ukafungika kwa hasira.

"Si nilisema usije?"

"Wakili ameniambia kuhusu ile sentensi."

"Ameniambia pia. Nimemkataza kutafuta shahidi."

"Naweza kusema ukweli, Mama Rispa. Ni ukweli tu."

Akasogea mpaka paji la uso likagusa waya. "Sikiliza. Siku tisa waliniuliza jina lako, nikanyamaza. Siku tisa, Nafula. Usiende ukawapelekea mwenyewe. Ukija pale, nitasema sikujui."

Askari jela alikuwa ameketi pembeni akijifanya hasikii. Nilimwomba Rispa anisamehe kwa kuichoma nakala, na nikaanza kulia, na yeye, aliyekuwa ndani, ndiye aliyenituliza mimi niliyekuwa nje. Aliniuliza kama bomba linatoa maji. Aliniuliza kama nimekula. Dakika kumi zilipoisha, nilipokuwa nikitoka, niligeuka nikaona yule askari akimpa Rispa bega la kuegemea, na kikapu changu kikiwa katika mkono wake mwingine. Sikumwambia mtu. Lakini niliporudi Kitale nilikuwa nimeamua, na sidhani niliamua kwa sababu ya maneno. Niliamua kwa sababu alinikodolea macho asinione.

Wakili nilikuwa nimemwambia, lakini Madam Truphena nilimwambia asubuhi ya kesi. Nilitegemea anifukuze. Alinitazama nguo. "Utaenda kortini na hiyo blauzi?" akasema, akavua koti lake la kijivu akanivisha. Mahakamani wanawake wa kisokoni walikuwa wamejaza mabenchi ya nyuma, Chemtai akiwa na mtoto mgongoni. Jina langu lilipoitwa, Rispa aliinua kichwa kizimbani akasema kwa sauti, "Huyo simjui," na karani akamnyamazisha. Nikaapa. Kiongozi wa mashtaka akaniuliza nakala yangu iko wapi.

"Niliichoma."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Mtu akacheka. Kiongozi wa mashtaka akageuka kwa hakimu, akitabasamu, kama aliyemaliza kazi. "Kwa hivyo shahidi hana chochote mkononi." Hapo nikasikia sauti yangu ikisema kwamba sina kitu mkononi, lakini niliichapa mara nne, na naijua. Hakimu, mzee mkavu aliyekuwa hajaniinulia macho tangu niingie, akavuta barua ile ya polisi mbele yake, akachukua kalamu. "Sema," akaniambia.

Nikasema. *Sisi wauzaji wa soko hili tunaandika kwa heshima.* Nilifumba macho, na vidole vyangu vikawa vinagonga ukingo wa kizimba cha mashahidi, maana kumbukumbu yenyewe ilikuwa kwenye vidole. Jina la kwanza na kilichompata. La pili. Nilipofika kwa Chemtai na mtoto wake, nikatambua kwamba barua iliyokatizwa sokoni kwenye jina la saba ilikuwa inasomwa mpaka mwisho, mbele ya askari wenyewe, na hakuna aliyeweza kunishusha. Jina la kumi na moja. *Tunaomba kiwanja kifunguliwe, na tunaomba waliotupiga waulizwe.* Nikafumbua macho. Hakimu alikuwa ameshikilia kalamu mahali pamoja.

"Nimefuatilia neno kwa neno," akasema. "Na sentensi hii, ya panga na moto?"

"Hiyo siijui, mheshimiwa. Vidole vyangu havijawahi kuiandika."

Shtaka la uchochezi lilitupwa. La kuitisha mkutano bila kibali lilibaki, na Rispa akafungwa miezi sita, ikihesabiwa tangu siku aliyokamatwa. Sitaki kuipamba hukumu ile. Mwanamke aliyesoma majina ya waliopigwa alirudishwa jela, na waliowapiga walirudi nyumbani kula chakula cha mchana. Mimi nilingojwa mlangoni na wale wanaume wawili wa makoti, nikapelekwa kwenye ofisi isiyo na kibao, nikaulizwa maswali yaleyale mpaka alasiri. Lakini kila mlango ulipofunguliwa niliona benchi la nje, na benchini aliketi wakili Simiyu, na kando yake Madam Truphena akiwa na baridi bila koti. Walimuuliza Madam anataka nini. "Nimekuja kuchukua mfanyakazi wangu," akasema. "Kazi imelala." Wakaniachilia saa kumi.

Nilimtembelea Rispa kila baada ya majuma mawili. Mwezi wa kwanza alikuwa akifundisha wafungwa wawili kuandika majina yao, kwa mkaa, kwenye sakafu ya chumba cha kufulia. Walimnyang'anya mkaa. Akafundisha kwa kidole na maji. Mwezi wa tatu walikuwa tisa, na yule askari jela mfupi ndiye aliyeleta chaki, akisema ameiokota njiani. "Anaiokota kila Jumatatu," Rispa aliniambia kupitia waya, akicheka hadi akakohoa. Kifua chake hakikupona kabisa maisha yake yote. Hilo pia ni sehemu ya jibu, na sitaki mjukuu wake asahau hilo akisikia habari za chaki.

Alitoka asubuhi ya siku ya soko. Tuliketi kwenye kibanda mjini Bungoma akanywa chai vikombe vitatu, polepole, akishika kila kikombe kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimepanga arudi Tuwan alale. Akasema anaenda sokoni. "Watakukamata tena," nikamwambia. "Pengine," akasema. "Lakini leo ni siku ya soko."

Tulifika Kwanza mchana, tukaendelea mpaka kisokoni. Ua ulikuwa bado upo, lakini wanawake hawakuwa wameondoka. Walikuwa wametandika magunia kando ya barabara, nje ya waya, mstari mrefu wa nyanya, sukumawiki, viazi na mahindi, na walikuwa wameuza hivyo miezi yote sita. Walipomwona hawakupiga vigelegele. Waliinuka mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuona vizuri, kila mmoja alitaja jina lake mwenyewe alipomshika mkono. Mtu akamrudishia mizani yake. Haikupita nusu saa chifu akaja na askari wawili, akasimama mbele yetu.

"Rispa. Umerudi."

"Nimerudi, Chifu."

"Huu ni mkutano?"

"Hapana. Ni maharagwe."

Mwanamke wa viazi alianza kucheka, akaziba mdomo, ikawa vibaya zaidi, na kicheko kikashuka na mstari wote hadi mwisho wa barabara. Mmoja wa wale askari, kijana, aligeuza uso ili chifu asimwone. Chifu akasema tusizibe barabara, akaondoka. Waya ule ulikatwa mwaka uliofuata kwa amri iliyotoka juu, na hakuna aliyetueleza sababu wala kutuomba radhi. Wanawake walihamisha magunia yao hatua ishirini wakaendelea.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Alasiri ileile mzee mmoja, ambaye hakuna aliyemjua, alikuja akizungushazunguka kofia mikononi. Alisema ametoka Ndalu. Alisema ndugu yake amechukuliwa na polisi siku nne zilizopita kwa sababu ya maneno aliyosema barazani, na hawajui yuko wapi, na amesikia hapa kuna mama anayeandika. Rispa alimtazama kwa macho yale yasiyoona vizuri, kisha akanigeukia.

Asubuhi hiyo, naweza kukiri sasa, nilikuwa na nia ya kumfikisha Rispa salama, kulipa kodi ya mwezi, na kwenda nyumbani kupumzika na mambo haya yote. Nikavuta gunia tupu, nikamwekea mzee aketi. Nikamuuliza ndugu yake anaitwa nani, na ilikuwa saa ngapi walipomchukua.